Mahakama ya wilaya katika kesi ya jinai: tathmini ya mdhamini

Huduma ninayoitathmini hapa hakuna anayeiendea kwa kupenda. Mtu hufika mahakamani kwa sababu amekamatwa, ameibiwa, ameitwa kutoa ushahidi, au amepigiwa simu usiku na ndugu aliyeko kituo cha polisi. Hata hivyo ni huduma ya umma kama zilivyo hospitali na shule, inagharimiwa kwa kodi zetu, na anayeitumia ana haki ya kusema jinsi ilivyomhudumia. Mimi nimeitumia nikiwa mdhamini wa mtoto wa dada yangu, kijana aliyeshtakiwa kwa wizi akiwa mtumishi katika mahakama moja ya wilaya jijini Dar es Salaam, na nimeifuatilia kesi yake tangu aliposomewa mashtaka hadi siku ya hukumu. Ninaandika kwa ajili ya mama, kaka, shangazi au rafiki ambaye wiki ijayo atalazimika kupanda daladala kwenda mahali asipopajua, na pia kwa ajili ya wanaosimamia mahakama zetu, kwa kuwa ninaamini wengi wao wangependa kusikia.

Niseme mapema nilichokiona. Ndani ya chumba cha mahakama nilikuta umakini na subira ambavyo sikuvitarajia, na nimetoka nikiiheshimu kazi ya hakimu kuliko nilivyoingia. Kwenye korido na kwenye dirisha la karani nilikuta watu wameachwa wajitafutie wenyewe habari ambazo zingewachukua dakika mbili kuelezwa, na wengi waliumia kwa kukosa habari hizo tu.

Wito hutaja saa tatu asubuhi, na ni lazima mtu awe amefika kabla ya saa hiyo, ila asitegemee kwamba kesi yake itaanza saa hiyo. Hakimu mmoja huwa na majalada mengi kwa siku moja: mengine yamekuja kutajwa tu, yaani kupangiwa tarehe nyingine, mengine kusikilizwa, mengine yanasubiri uamuzi. Katika mahakama niliyoizoea, kazi haikuanza mpaka karandinga la magereza lilipofika na mahabusu wakashushwa na kuingizwa katika chumba chao nyuma ya jengo, kwa hiyo lilipokwama kwenye foleni, sote tulikwama. Kesi za mahabusu aghalabu huanza, kisha hufuata za walio nje kwa dhamana. Anayekuja na mtoto mdogo au anayetumia dawa za kila siku ajiandae kukaa hadi mchana, na aje na maji.

Orodha ya mashauri hubandikwa ubaoni, lakini ili uisome ni lazima uwe na mambo matatu: namba ya kesi, mwaka wake, na jina la hakimu. Jina la ndugu yako peke yake halikufikishi mbali, kwa kuwa karani anayeulizwa na watu arobaini kwa pamoja hutafuta kwa namba. Yaandike mambo hayo siku ya kwanza kabisa, pamoja na tarehe iliyopangwa, na uyaweke kwenye simu na kwenye karatasi. Nililiona jambo hili kwa karibu asubuhi moja nikiwa nimekaa benchi moja na bibi aliyevaa kanga mbili, ameshika mfuko wa rambo wenye chapati za mjukuu wake aliyekuwa mahabusu. Alikuwa amekaa mbele ya mlango wa chumba namba mbili tangu alfajiri kwa sababu ndiko kesi ilikosikilizwa mara iliyopita. Jalada lilikuwa limehamishiwa kwa hakimu mwingine, upande wa pili wa ukuta. Karani wa huko alitoka, akaita jina la kijana mara moja, akarudi ndani. Bibi alijua kwamba kesi imeshatajwa na kuahirishwa pale alipomwona mjukuu wake akirudishwa nyuma ya jengo amefungwa pingu na mwenzake. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo, na hakuna aliyemtendea vibaya kwa makusudi. Ila hakuna aliyehesabu kuwa ni sehemu ya kazi yake kumwambia.

Taratibu za ndani ni rahisi kujifunza. Simu huzimwa kabisa, kofia huvuliwa isipokuwa zile za dini, kupiga picha hakuruhusiwi bila kibali, na wote husimama hakimu anapoingia na anapotoka. Hakimu huitwa Mheshimiwa. Usizungumze na mshtakiwa akiwa kizimbani hata kwa ishara, kwa kuwa askari wa magereza hawana uvumilivu na jambo hilo, na wako sahihi. Kuna jambo moja zito ambalo familia nyingi hazilijui: mtu anayetarajiwa kuwa shahidi hatakiwi kukaa ndani na kusikiliza wenzake wakitoa ushahidi. Ndugu wengi wa mshtakiwa hujaa chumbani kwa mapenzi mema, kisha wakati wa utetezi ukifika, yule aliyekuwa na habari muhimu kuliko wote anakuwa ameshasikia kila kitu, na ushahidi wake unapungua uzito. Kama unafikiri utaitwa, kaa nje.

Siku ya kwanza mshtakiwa husomewa hati ya mashtaka na kuulizwa kama ni kweli au si kweli. Ningeomba kila familia ikae na kijana wao kuhusu jibu hili, ikiwezekana tangu akiwa polisi. Wapo wanaokubali kosa kwa kuamini kwamba watatozwa faini ndogo na kurudi nyumbani jioni, na wapo wanaoshauriwa hivyo na mahabusu wenzao. Anayekubali husomewa maelezo ya kosa, na akiyakubali hayo pia, hutiwa hatiani papo hapo. Baada ya hapo, rufaa yake kwa kawaida inaweza kugusa adhabu tu, si kosa lenyewe. Hakimu tuliyempata alifanya kazi nzuri sana hapa. Kijana mmoja aliyejibu kwa sauti ndogo kwamba ni kweli, kisha katika maelezo akasema kwamba simu iliyotajwa kwenye mashtaka alipewa aiuze bila kujua ilikotoka, hakimu alimsimamisha, akamweleza kwamba maneno hayo ni ya mtu anayekana kosa, na akaandika kwamba amekana. Kijana hakuwa na wakili. Ingekuwa rahisi kumpitisha na kulifunga jalada.

Katika kesi za mauaji au uhaini, utasikia mshtakiwa akiambiwa kwamba hatakiwi kujibu chochote, na ndugu hushtuka wakidhani amenyimwa kusema. Sababu yake ni kwamba mahakama ya chini haina mamlaka ya kusikiliza kesi hizo; inazitaja tu hadi zitakapopelekwa Mahakama Kuu, na huko ndiko atakakojibu.

Dhamana ndiyo iliyotusumbua kuliko jambo lolote. Kwa makosa mengi dhamana ni haki, kwa kuwa Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza mtu kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika kwamba alitenda kosa. Yapo makosa ambayo sheria imeyafungia mlango huo, yakiwemo mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha, na katika hayo familia isitumie nauli kutafuta wadhamini kabla ya kupata ushauri wa mwanasheria. Kesi ikihusu fedha au mali ya thamani kubwa, sheria humtaka mshtakiwa aweke fedha taslimu au mali inayofikia nusu ya thamani hiyo, na hapo ndipo hati za nyumba na viwanja huanza kutafutwa usiku kucha. Kesi yetu haikufika huko. Hakimu aliagiza wadhamini wawili, kila mmoja awe na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa na kitambulisho cha Taifa, na asaini hati ya dhamana ya shilingi milioni tano.

Fedha hizo hazilipwi siku hiyo, na hazilipwi kamwe kama mshtakiwa atafika kila anapotakiwa. Ni ahadi iliyoandikwa. Akitoroka, mahakama huwaita wadhamini waeleze kwa nini wasilipe, na asiyekuwa na maelezo wala fedha anaweza kwenda jela yeye. Mdhamini anayeanza kuingiwa na shaka na mtu wake anaruhusiwa kurudi mahakamani na kuomba kujitoa kabla mambo hayajaharibika, na sikumsikia karani hata mmoja akiwaambia wadhamini habari hiyo wakati wanasaini.

Barua yangu ilikataliwa. Picha iliyobandikwa juu yake haikuwa imegongewa muhuri wa serikali ya mtaa kwa namna ya kugusa picha na karatasi kwa pamoja. Karani alikuwa na haki ya kuikataa, kwa sababu barua za kughushi zipo na watu wameshadhaminiwa na wadhamini wasiojulikana wanakoishi. Ninacholalamikia ni kwamba sharti hilo halikuandikwa popote, si ubaoni, si mlangoni, si kwenye karatasi yoyote tuliyopewa. Ilikuwa Ijumaa, ofisi ya serikali ya mtaa ilikuwa imeshafungwa niliporudi, na kijana wetu alilala gerezani hadi Jumatatu kwa ajili ya muhuri mmoja. Kwa hiyo nenda na barua yenye picha ndogo iliyogongewa muhuri juu yake, nakala mbili za kitambulisho, kitambulisho chenyewe halisi, na kama umeajiriwa, barua ya mwajiri au kitambulisho cha kazi. Usipotakiwa kutoa, urudi navyo nyumbani.

Nje ya geti wamo vishoka. Wengine hujiita mawakili, wengine hutoa wadhamini wa kukodi, wengine hudai kwamba wanajuana na karani na jalada litapatikana haraka ukitoa chochote. Dhamana haina ada. Kutoa fedha ili jalada litafutwe ni rushwa, na namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ya 113 hupigwa bila malipo. Wakili halali anaandikishwa na hakasiriki ukimwomba namba ya uwakili wake ili uihakikishe. Ninayasema haya kwa uchungu kwa sababu nimewaona watu wasio na hata nauli ya kurudi wakitoa noti za mwisho kwa mtu mwenye tai na bahasha ya kaki, ambaye hakuonekana tena.

Baada ya dhamana huja kipindi kirefu cha kutajwa, na hapa ndipo huduma inapopata alama ya chini kabisa kutoka kwangu. Kwa aliye mahabusu, kesi hurudi mahakamani takriban kila baada ya siku 14. Mwendesha mashtaka husimama, husema kwamba upelelezi haujakamilika na kuomba tarehe nyingine, hakimu hupanga tarehe, na jalada hufungwa. Jambo lote huchukua muda mfupi kuliko ule wa kumtafuta karani. Familia iliyotoka Mbagala au Bunju imetumia nauli, imefunga genge, imeomba ruhusa kazini, na inaondoka na tarehe. Mwaka 2022 sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai ilirekebishwa ili kesi nyingi zisifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa makosa makubwa, na nia hiyo ni njema kabisa. Wanaosubiri kwenye benchi bado hawajaona nafuu ya kutosha, hasa wale ambao ndugu zao wanashtakiwa kwa hayo makosa makubwa. Katika baadhi ya mahakama, mahabusu hutajiwa kesi kwa njia ya video wakiwa gerezani, jambo linalopunguza misafara ya karandinga, lakini familia isiyoambiwa hufunga safari kuja kumwona mtu ambaye hataletwa.

Sioni sababu ya mahakama kushindwa kumtumia mdhamini ujumbe mfupi wa simu siku moja kabla, hakimu anapokuwa kwenye mafunzo, likizo au uhamisho. Namba zetu wanazo. Tuliziandika wenyewe kwenye hati ya dhamana. Benki hutukumbusha deni kwa ujumbe, na kampuni ya umeme hututumia tokeni kwa njia hiyo hiyo. Mahakama ya Tanzania imeshaingia katika mfumo wa kielektroniki wa kusimamia mashauri, hukumu nyingi zinasomeka bure katika tovuti ya TANZLII, na kote huko nawapongeza. Ujumbe wa kuahirisha kesi ni hatua ndogo kuliko hizo.

Kwa mdhamini na mshtakiwa aliye nje, hata hivyo, tarehe ya kutajwa si ya kupuuzwa kwa kuwa haina shughuli. Kutofika hata mara moja bila taarifa kunatosha kutolewa hati ya kumkamata mshtakiwa, na dhamana inaweza kufutwa. Ukiugua, tuma mtu na cheti cha daktari kabla kesi haijaitwa, maana kikiletwa kesho yake huwa kimeshachelewa.

Upelelezi ukikamilika, mshtakiwa husomewa hoja za awali, akisema yapi anayakubali na yapi anayapinga, ili mashahidi wasiitwe kuthibitisha jambo ambalo hakuna anayelibishia. Jina, kazi, tarehe ya kukamatwa: hayo kwa kawaida hukubaliwa. Kijana wetu alitaka kukataa kila kitu, hata jina la mwajiri wake, kwa kuogopa kwamba kukubali lolote ni kujifunga. Mwanasheria wa msaada wa kisheria alimtuliza, na hapo niseme neno kuhusu msaada huo. Kesi za mauaji zinapofika Mahakama Kuu, mshtakiwa asiye na uwezo huwekewa wakili kwa gharama za Serikali. Katika kesi ndogo ni lazima uutafute msaada mwenyewe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, nao wamefika hadi ngazi ya kata katika maeneo mengi. Yapo mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania. Na kila mwanzo wa mwaka, katika Wiki ya Sheria, wanasheria hukaa kwenye viwanja vya wazi na kutoa ushauri bure. Sisi tulipata msaada kwa kuuliza mapema. Waliokuja kuuliza siku ya utetezi walikuwa wamechelewa.

Sasa nifike kwenye usikilizwaji wenyewe, sehemu iliyonifanya niiheshimu mahakama. Kila shahidi hutaja jina, umri, anapoishi, kazi na dini yake, kisha huapa akiwa Mkristo au huthibitisha akiwa Muislamu, kwamba atakayosema ni kweli tupu. Mtoto mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kuapishwa. Huahidi mbele ya hakimu kusema kweli na kutosema uongo. Ushahidi wa makosa ya kujamiiana husikilizwa faraghani, na siku hiyo sote tulitolewa nje na mlango ukafungwa, bila ubishi na bila kuchelewa, kwa heshima kubwa kwa msichana aliyekuwa anaingia. Hili mahakama yetu ililifanya vizuri kuliko nilivyotarajia.

Hakimu wetu aliandika ushahidi kwa mkono, neno baada ya neno, kwenye karatasi zenye mistari zilizofungwa ndani ya jalada la kaki. Hakuna aliyemwambia shahidi wa kwanza wa Jamhuri, yaani wa upande wa mashtaka, mhasibu wa duka alikofanyia kazi kijana wetu, kwamba mwendo wa kusema kwake ni lazima ufuate mwendo wa kalamu. Alianza kwa kasi ya mtu aliyeyakariri maneno yake, na hakimu akainua mkono wa kushoto huku wa kulia ukiendelea kuandika. Mara ya tatu akamwambia kwa upole, "Shahidi, iangalie kalamu yangu. Ikisimama, endelea." Tangu hapo mhasibu alitazama kalamu tu, sentensi moja, kimya, sentensi nyingine, na ukweli wa mambo ukaanza kuonekana hata kwetu sisi tuliokuwa upande wa pili: tarehe za mauzo, vitabu vya stakabadhi, kiasi kilichopokelewa na kiasi kilichopelekwa benki. Atakayeitwa kuwa shahidi ajifunze hapo. Sema uliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, kwa mafungu mafupi, ukisubiri kalamu. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui. Katika maswali ya dodoso, yale yanayoulizwa na upande wa pili, wanaoanguka ni wale wanaojaza mapengo kwa kukisia.

Ni vema pia kujua kwamba idadi ya mashahidi si kipimo. Sheria ya Ushahidi haitaji idadi maalumu ya kuthibitisha jambo, na shahidi mmoja anayeaminika anaweza kutosha. Jukumu la kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka ni la Jamhuri tangu mwanzo hadi mwisho. Jamhuri ikifunga ushahidi wake, mahakama huamua kwanza kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Akiwa nayo, huelezwa haki zake: kujitetea kwa kiapo, kujitetea bila kiapo, kukaa kimya, na kuita mashahidi wake. Hakimu alizieleza kwa Kiswahili chepesi, akamuuliza kijana ameelewa nini, akamrudia palipomchanganya. Tangu Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, mtu anaweza kusikia kesi yake ikiendeshwa na kuandikwa kwa lugha aliyolelewa nayo, na thamani ya jambo hili siwezi kuitia chumvi. Dada yangu, aliyeishia darasa la saba, alisikiliza hukumu ya kurasa nyingi na jioni akanieleza kwa usahihi kwa nini mwanawe aliachiwa katika shtaka la kwanza na kutiwa hatiani katika la pili.

Ndiyo, alitiwa hatiani. Ninalitaja ili msomaji asidhani ninaisifu mahakama kwa sababu ilitupa tulichokitaka. Hakimu alichambua ushahidi wa kila shahidi, akakataa sehemu ya madai ya mwajiri iliyokosa stakabadhi, na akakubali sehemu iliyokuwa na saini ya kijana mwenyewe. Kabla ya adhabu alimpa nafasi ya kujieleza, akauliza upande wa mashtaka kama una kumbukumbu za makosa ya nyuma, kisha akamwachilia kwa masharti ya kutotenda kosa kwa miezi 12 na kulipa fidia. Tulimsikiliza mtu aliyefanya kazi yake kwa dhamiri, na hata mwajiri, aliyetaka adhabu kubwa zaidi, aliondoka bila kelele.

Watakaoshindwa na wasioridhika wazishike siku zao. Kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, taarifa ya nia ya kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe huwasilishwa ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda uliotumika kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30. Aliyefungwa hutoa taarifa yake kupitia gereza. Omba nakala kwa barua siku hiyo hiyo ya hukumu na ubaki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa kuwa bila kopi hiyo huna namna ya kuonyesha ni lini ulianza kusubiri.

Jambo jingine la kuwatahadharisha ndugu ni furaha ya mapema. Mshtakiwa anaweza kuachiwa kwa sababu upande wa mashtaka umeliondoa shauri au umeshindwa kuleta mashahidi, bila mahakama kuamua kama alitenda kosa au la. Mtu wa namna hiyo anaweza kukamatwa tena na kushtakiwa upya, na nimeona askari wakimsubiri kwenye ngazi kijana aliyekuwa bado anakumbatiwa na wadogo zake. Muulize wakili au karani ameachiwa kwa msingi gani kabla hamjaagiza pilau.

Kama ningeulizwa na uongozi wa mahakama ile nini kianze kurekebishwa, ningeomba meza moja mlangoni na mtumishi mmoja asiye na kazi nyingine asubuhi ila kusoma namba ya kesi ya kila anayeingia na kumwambia chumba chake. Karatasi moja ya masharti ya dhamana, iliyoandikwa kwa herufi kubwa, inayotolewa kwa familia mara tu masharti yanapotajwa. Na karani anayeita jina mara tatu, kwa sauti, kwenye korido zote mbili. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji jengo jipya.

Na kwa mdhamini mwenzangu ambaye kesi imemalizika: usiondoke na umati. Hati ya nyumba, kadi ya gari au kitu chochote ulichokiweka mahakamani hakirudi chenyewe. Mimi sikuweka mali, lakini mdhamini mwingine niliyekuwa naye benchi moja aliacha hati ya kiwanja chake hadi karani aliyeipokea alipohamishwa, na kuipata kulimgharimu barua nyingi. Hukumu ikishasomwa, omba siku hiyo hiyo amri ya kukuondoa katika dhamana, nenda nayo kwa karani, saini kitabu cha kupokea mali yako, na uhakikishe namba iliyo kwenye hati unayopewa ni ile ile uliyoiacha.